Barua ya wazi kwa wasimamizi wa Ngome ya Mombasa: tupeni njia ya kuuzunguka ukuta wote

Waheshimiwa mliokabidhiwa Ngome ya Mombasa (Fort Jesus) na Mji wake wa Kale,

Nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni mkazi wa Kibokoni, mwalimu mstaafu. Tangu niliposhusha chaki nimejipatia ada: nikishaswali alfajiri, kabla jua halijawa kali, nashuka hadi Ngomeni na kutembea kando ya ukuta. Naanzia kwenye mizinga miwili iliyowekwa nje, ule wa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Pegasus na ule wa manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyoizamisha Pegasus pale Unguja mwaka 1914. Kutoka hapo nafuata ukingo wa handaki. Nikifika pembe ya mwisho ninayoweza kuifikia kwa miguu yangu, naweka kiganja kwenye jiwe, nageuka, narudi nyumbani kuteleka chai.

Jambo ninaloliomba ni moja. Naomba ukuta wa Ngome uwe wa kutembewa wote, mzunguko kamili, juu kutoka buruji hadi buruji, yaani zile pembe zake zinazochomoza, na chini kutoka handaki hadi baharini, na anayeuzunguka asimuliwe kwa Kiswahili kwanza, lugha nyingine zifuate. Najua wapo wanaopanda juu hata leo. Lakini nimeketi sana uani mle, chini ya kivuli, nikitazama watu wanavyoingia na kutoka. Wengi hupita langoni, hutazama vyungu na vigae vilivyochimbuliwa, hupiga picha kwenye mizinga, hupanda mahali pamoja wakatazama bahari, wakashuka. Wanaondoka wamelijua jengo. Ukuta wenyewe, uliofanya jengo hilo lipiganiwe karne tatu, hawajaujua.

Mtaniuliza mbona nimeshikilia ukuta. Ni kwa ajili ya babu yangu, baba yake mama.

Kuanzia mwaka 1895 hadi 1958 Ngome ilikuwa jela. Vijana wengi wa leo wa Mombasa wakisikia hivyo hudhani unawatania. Babu alifungwa humo miezi minne, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa kushindwa kulipa kodi. Alikuwa mvuvi, na msimu ule kusi lilivuma vibaya. Alipotusimulia maisha ya mle ndani hakukaa sana kwenye uji wala kazi za sulubu. Alisimulia ukuta. Alijua saa kwa kivuli chake: kikifika mahali fulani uani, ni adhuhuri, kikipanda ukuta wa pili, ni alasiri. Bahari aliisikia usiku kucha ikipiga mwambani, asiione hata siku moja, yeye mtu aliyezaliwa akiitazama. Na sauti za mji zilimfikia vipande vipande, adhana, mbwa, mtu anayenadi samaki.

Bibi naye kila Ijumaa alikuwa akienda kusimama nje, upande wa handaki. Alijua hatamwona mumewe wala mumewe hatamsikia. Alisimama tu, amejifunika buibui, mpaka miguu ichoke. Alihesabu hatua zake kutoka njiani hadi pale alipokuwa akisimama, akazikumbuka hadi anakufa.

Jela ilipofungwa, Ngome ikatangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa, ikachimbwa na kukarabatiwa chini ya mwanaakiolojia James Kirkman kwa fedha za Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Watu wa mji wakaenda kutazama. Babu hakwenda. Alipita njia ya nje miaka kumi na minne bila kuvuka lango lile. Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, siku moja bila kumwambia mtu alinishika mkono tukaingia. Hakutazama chochote uani. Alipanda juu ya ukuta taratibu, akisimama kila baada ya hatua chache, akafika ukingoni, akachungulia chini kwenye handaki na ng'ambo yake. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe alikuwa karibu hivi."

Sijawahi kusoma kitabu kilichonieleza maana ya ukuta kuliko maneno yale. Ukiwa ndani, walio nje wako mbali kama ng'ambo ya bahari. Ukiwa nje, ndani ni giza. Juu tu, ukitembea, ndipo unapoona pande zote mbili na kupima umbali ulio kati yake.

Sasa niruhusuni niwatembeze, kwa maandishi, kwenye mzunguko ninaouomba. Nyinyi mnayajua haya, lakini barua hii itasomwa na wengi.

Tuanze langoni. Juu ya mlango kuna maandishi ya Kireno yanayotaja mwaka 1635. Nilipita chini yake utoto wangu wote na sehemu kubwa ya utu uzima bila kujua yanasema nini. Nilipotafsiriwa nilihisi moto masikioni. Yaliwekwa na Francisco de Seixas de Cabreira, kapteni aliyekuwa na umri wa miaka 27, akijisifu kwamba ameitengeneza upya Ngome, amewarudisha watu wa pwani hii chini ya mfalme wake, na ameziadhibu Pate na Siyu hata kubomoa kuta za miji hiyo. Hebu fikirini. Lango la ukuta huu limebeba habari ya kubomolewa kuta za ndugu zetu, na sisi tunapita chini yake tukiwa na chupa za maji mikononi. Mtoto wa Mombasa anastahili kusomewa mstari huo kwa lugha yake kabla hajavuka kizingiti.

Na kwa nini kapteni yule alihitaji kuitengeneza upya? Kwa sababu ya Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan, aliuawa mwaka 1614 akiwa amewakimbia Wareno. Mtoto akachukuliwa Goa, akalelewa na watawa, akabatizwa akaitwa Jerónimo, na mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kuwa mfalme wa kuwatii. Miaka mitano aliikalia dharau ya makapteni. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia Ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akaurudia Uislamu na jina lake, na Ngome ikawa mikononi mwa mwana wa mji. Kikosi cha Wareno kilicholetwa mwaka uliofuata kuja kuitwaa kilishindwa. Yusuf aliondoka kwa hiari yake baadaye, na nyuma yake Ngome ikiwa imeharibiwa. Wakristo wengi waliuawa katika siku zile za 1631, wanawake na watoto pia, na hilo lisifichwe. Mimi nataka lisimuliwe palepale langoni, lote, machungu yake na fahari yake, na watu wazima wanaoweza kuvumilia kusikia pande zote mbili.

Tukishapanda juu, buruji zipo nne, na bado zinaitwa kwa majina ya watakatifu waliyopewa na Wareno: São Felipe, Santo Alberto, São Mateus na São Matias. Aliyechora ramani ni Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyewafanyia kazi Wareno katika himaya yao ya mashariki. Ujenzi ulianza 1593 kwa amri ya Mfalme Felipe, aliyekuwa akitawala Hispania na Ureno kwa pamoja, na ukaendelea hadi 1596. Mafundi wa Ulaya wa zama zile waliamini kwamba vipimo vilivyo kamili viko katika umbo la mwili wa binadamu, na ramani ya Ngome inafuata imani hiyo: kichwa, mikono, miguu, mtu aliyelala. Huwezi kuliona hilo ukiwa uani. Ukitembea juu, ukapinda kila pembe, mwili unalitambua. Unahisi umepita begani, umeshuka mkononi, umerudi kiunoni. Ndiyo maana nasema mzunguko ukikatika popote, maana nayo imekatika.

Pembe zile hazikuwekwa kwa urembo. Kila buruji imechomoza ili mpiga mzinga wa upande mmoja aweze kuufagia uso wa ukuta wa jirani yake, adui asipate mahali pa kujificha chini. Mwanafunzi akisimama pembeni na kufuata kwa macho njia ya risasi, atakuwa amejifunza hesabu za maumbo kuliko nilivyoweza kumfundisha ubaoni mwaka mzima.

Kwenye buruji ya São Felipe ipo nyumba ya Waomani ya mwishoni mwa karne ya 18. Zama za kina Mazrui, ukoo wenye asili ya Oman walioitawala Mombasa kutoka humo hadi 1837 Sayyid Said, Sultani wa Oman na Unguja, alipowang'oa, ukuta huu ulikuwa ukuta wa nyumbani. Watu walizaliwa ndani yake, wakaoana, wakagombana, wakatungiana mashairi. Sipendi historia ya Ngome inaposimuliwa kana kwamba ni mizinga tu. Kulikuwa na majiko humo.

Mahali ambapo ningependa msafara usimame kwa muda mrefu zaidi ni ukutani upande wa bahari, ili tuwasikilize watu wa mwaka 1697.

Waomani waliizingira Ngome tarehe 13 Machi 1696, na haikuanguka hadi 13 Desemba 1698, miezi thelathini na mitatu. Kila mtoto wa shule anaambiwa hivyo: Wareno ndani, Waarabu nje. Si kweli kwamba ilikuwa nyepesi hivyo. Waliojifungia humo wengi wao walikuwa watu wa pwani hii, na maradhi yaliwamaliza pamoja na mabwana zao. Kufikia mwisho wa Agosti 1697 kapteni alikuwa amekufa, na uongozi wa Ngome ukawa wa Daud, mwana wa kifalme wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate. Waliobaki naye walikuwa jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50.

Nisomapo namba hizo hutua kwenye ile ya mwisho. Wanawake hamsini. Wakati ule ukuta mkubwa kuliko wote katika pwani hii ulikuwa ukilindwa zaidi na wanawake. Majina yao hatunayo. Walisimama wapi? Walilala zamu gani? Walikuwa na watoto? Waliulinda ukuta wa wageni dhidi ya wageni wengine, pengine kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kuishi hadi kesho. Msaada ulifika Septemba, na katika meli zilizokuja ilikuwemo Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome mwezi uliofuata. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980, na vitu vilivyotoka ndani yake vimehifadhiwa makumbusho. Kwa hiyo meli ina sehemu yake, na inastahili. Wale wanawake wawekewe nini? Mimi ningeridhika na ubao mmoja ukutani, wa maneno machache ya Kiswahili, mahali ambapo mtu anaweza kusimama na upepo wa bahari ukimpiga usoni kama ulivyowapiga wao.

Kati ya 1631 na 1875, mwaka manowari za Kiingereza zilipoishambulia Ngome kumtoa Al-Akida, kamanda wake aliyemwasi Sultani wa Unguja, ukuta huu ulitwaliwa na kupotezwa mara tisa. Sitazihesabu zote hapa. Msimulizi mzuri atazigawa njiani, moja moja, kila moja kwenye jiwe lake.

Hapo nimefika kwenye lugha. Nilipokuwa darasa la sita shule ilituleta Ngomeni. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, alitupitisha mbio, akisoma maelezo kwa Kiingereza kwenye daftari, nasi tukinakili. Nilirudi nyumbani na ukurasa mzima wa maneno nisiyoyajua. Nilipomuuliza babu, kila neno alikuwa nalo: buruji, handaki, tundu za bunduki, boriti, birika la maji ya mvua, ukuta wa matumbawe. Kumbe yote niliyofundishwa kama ugeni yalikuwa na majina nyumbani kwetu. Miaka yangu ya kufundisha nilijaribu kulipa deni lile. Darasa langu lilikuwa likifika Ngomeni, nawauliza kwanza: hili mnaliitaje? Wakikosa, nawatuma kwa wazee wao jioni. Kesho yake walirudi na maneno hata mimi sikuwa nayo.

Watembezaji wa Mji wa Kale wapo, wana vipaji, na wengi wao wanajua zaidi ya wanavyopewa nafasi kusema. Wapeni mafunzo ya kudumu na muda wa kutosha kwa kila kundi. Waketisheni na wazee, na hasa bibi zetu, ambao husahaulika kila panapoitwa mkutano wa historia. Wapo bado wachache wanaokumbuka jela. Kila mwezi tunazika mmoja. Kinasa sauti kimoja na mtu mwenye subira vingetosha kuanza, na baada ya muda pande za ukuta zingekuwa na sauti za watu waliofungwa nyuma yake na watu waliosimama nje wakiwasubiri.

Sasa niseme habari ya jiwe lenyewe, maana najua jibu litakalokuja: ukuta ni wa kale, miguu ya watu itauharibu.

Ngome imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na sehemu ya chini ya ukuta ni mwamba huohuo uliochongwa. Handaki lilichimbwa humo humo. Juu yake ndipo palipojengwa kwa mawe na chokaa. Jiwe la matumbawe lina vitundu, hunywa unyevu na chumvi. Kwa chokaa unyevu hupata njia ya kutoka, ukuta ukakauka. Nililijua hilo kwa gharama. Ukuta wa sebule yetu ulipoanza kumwaga vumbi, fundi mmoja alitushauri tupige saruji, na tukamwamini kwa kuwa ilionekana safi na ngumu. Baada ya masika ya pili plasta ilivimba, ikadondoka vipande vikubwa, na nyuma yake jiwe lilikuwa limekuwa unga. Saruji ilikuwa imefunga mlango. Chumvi ikageuka fuwele ndani ya jiwe na kulipasua. Fundi mzee wa mtaa wa pili alikuja, akabandua yote, akaacha ukuta wazi miezi mitatu ukaushwe na upepo wa kaskazi, kisha akapaka chokaa iliyolowekwa ikaiva. Hadi leo umetulia. Mzee yule amefariki, na wanawe wanauza simu.

Kwa hiyo ninapoomba ukuta utembewe, naomba pia utazamwe. Ufa hauanzi siku unapoonekana kutoka barabarani. Huanza na mchirizi wa maji mahali ambapo hapakuwa na mchirizi, na mche wa mtini uliochipua kwenye kiungo, mizizi yake myembamba kama uzi. Anayepita kila siku huona. Zipeni shule za Mji wa Kale kila moja pande lake la ukuta, wanafunzi waje mara moja kwa muhula, wachore walichokiona, waweke tarehe. Baada ya miaka mitano mtakuwa na kumbukumbu ambayo hakuna mtaalamu wa kuja wiki mbili angeweza kuwapa. Na katika kukarabati, tafadhali, chokaa. Anayejua kuichoma, kuilowesha na kuipaka apewe vijana wa kuwafundisha wakati bado ana nguvu za kupanda jukwaa.

Miguu inaweza kuumiza, nakubali. Tangu 2011 Ngome imo katika Urithi wa Dunia, hekta 2.36 pamoja na handaki na mazingira yake, na hakuna anayetaka uzembe uondoe heshima hiyo. Basi kundi liwe dogo. Mahali palipochoka pawekwe njia ya mbao iliyolazwa tu, bila kupigiliwa misumari. Ukingo wa hatari uwe na kizuizi ambacho mtoto hawezi kupenya. Wasioweza kupanda wapewe njia ya chini kando ya handaki, yenye mabenchi na kivuli, nao wasikie simulizi ileile. Kule Galle, Sri Lanka, ngome iliyoanzishwa na Wareno na kupanuliwa na Waholanzi imo katika Urithi wa Dunia tangu 1988, na bado jioni wenyeji hupanda ukutani kupunga upepo, vijana, wazee, wachumba. Ukuta uko ndani ya maisha yao.

Upande wa bahari ndio mgumu zaidi, na ndio ninaoutamani zaidi. Hapo mawimbi yalikuwa yakila mwamba chini ya Ngome mwaka baada ya mwaka, na bamvua la kusi likija tulilala na hofu. Ukuta wa kuzuia mawimbi uliojengwa miaka ya karibuni umetupa afueni. Naomba sasa tufikirie njia ya kupita salama chini yake, kwa nyakati za maji kupwa, kwa kundi lililo na kiongozi anayejua bahari. Wavuvi wetu wanajua saa za maji kuliko saa za ukutani, waajirini wao. Ukiitazama Ngome kutoka chini, bahari ikiwa mgongoni, unaiona kama walivyoiona waliokuja kuitwaa na waliokuja kuiokoa. Ndani ya ukuta wa mashariki ipo ile njia ya matao iliyochongwa kwenye matumbawe kuteremkia baharini. Mtu aliyepita ndani yake kisha akaitazama kutoka nje ataelewa kwa nini waliozingirwa waliweza kuhimili siku nyingi vile: mlango wa bahari ulikuwa wazi kila meli ilipothubutu.

Na kutoka hapo njia isiishie. Mwambani kusini yapo mabaki ya Ngome ndogo ya Mtakatifu Yosefu, iliyosaidiana na hii kubwa kulinda mlango wa bandari. Kaskazini ni Mji wa Kale wenyewe, Ndia Kuu, bandari ya majahazi. Anayemaliza kuzunguka ukuta apokewe na mji uliokuwa ukiishi kandokando yake, anywe kahawa, ale mahamri kwa mbaazi, fedha yake ibaki kwa mama anayeyapika.

Ombi langu la mwisho ni dogo. Asubuhi moja kila mwezi iwe ya wenyeji, bila kiingilio, na lango lifunguliwe mapema, kabla ya jua. Wako wazee Mji wa Kale waliozaliwa mita mia tatu kutoka Ngomeni na hawajawahi kuingia. Wengine ni kama babu yangu, wanangoja siku yao. Wakija, msiwaharakishe.

Mimi nitaendelea na ada yangu. Jumamosi ya kwanza baada ya Ramadhani nitakuwa kwenye mizinga ile miwili tangu saa kumi na moja na nusu alfajiri, pamoja na wajukuu zangu wawili na yeyote mtakayemtuma. Nitamwonyesha mahali bibi alipokuwa akisimama. Kisha naomba yeye, mwenye funguo, atupandishe juu, tukamwonyeshe mahali alipokuwa babu.

Wenu katika kuulinda mji huu,

Mwalimu mstaafu, Kibokoni, Mombasa